Slivu ya msasa hufia mguuni

Fundi mmoja wa Lurambi, Kakamega, ameniandikia kuhusu slivu, yaani bomba la msasa linalovishwa kwenye spindo, ule mhimili wa mashine unaozunguka. Anasema hivi:

"Mzee, salamu kutoka Lurambi. Mimi hutengeneza vitanda vya watoto na viti vya kubembea. Mwaka jana nilinunua mashine ya msasa ya kusimama, ile ambayo spindo yake inazunguka huku ikipanda na kushuka. Nina shida tatu. Slivu ya inchi 2 imegandamana na raba; nimelegeza nati lakini haitoki. Ile ya inchi 3 inateleza juu ya raba, nikisukuma mbao msasa unasimama na raba inazunguka peke yake. Halafu zote zinaisha haraka mno, hasa zile nyembamba. Wiki moja nimetupa nne, na huku kwetu hazipatikani mpaka niagize Nairobi. Nakosea wapi?"

Dada fundi, salamu zako nimezipokea hapa Kibuye, Kisumu, na nimefurahi kusikia kuna mtu anayekaa na kitanda cha mtoto mpaka kila pindo liwe laini. Barua yako nimeisoma mara mbili. Shida zako mbili za kwanza ni za tumbo moja, zote zimezaliwa na raba. Ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo inayokula pesa yako.

Kabla ya yote, plagi. Sisemi swichi, nasema plagi: itoke ukutani, uilaze juu ya meza mahali unapoiona. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alikuwa akibadilisha slivu wakati stima imepotea. Swichi aliiacha imewashwa tangu stima ilipokatika, na kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, akaona imezimika. Stima ilirudi spana ikiwa bado imeshika nati. Ile spana ilimtoka mkononi ikagonga mabati upande wa pili wa karakana, na kidole chake kikavimba wiki mbili. Ziko mashine zenye swichi inayojizima stima ikikatika, na haiwaki tena mpaka uibonyeze mwenyewe. Kama yako si ya aina hiyo, jizoeze kuizima kila stima inapopotea, na ukitaka kugusa nati, toa plagi vilevile.

Sasa hiyo ya inchi 2. Tazama kwanza raba inavyoshika. Raba ni bomba nene lenye tundu katikati, na spindo inapita ndani yake. Juu pana washa pana, yaani kisahani bapa chenye tundu, na nati. Unapokaza nati, washa inaigandamiza raba kutoka juu. Raba haina pa kukimbilia, inatuna ubavuni na kuikumbatia slivu kwa ndani. Hakuna gundi wala pini, ni kumbatio hilo tu. Ukilegeza nati, raba inapaswa kurudia umbo lake na slivu ichomoke kwa vidole. Lakini raba iliyokazwa wiki tatu mfululizo, tena ikapashwa moto na kazi, husahau umbo lake. Inabaki imetuna hata kama nati iko mfukoni mwako. Hapo ndipo ulipofika.

Kwa hiyo usipigane nayo. Toa nati na washa, chomoa raba pamoja na slivu yake kutoka kwenye spindo, uvilaze mezani na uviache usiku kucha. Mara nyingi asubuhi raba imekwisha kupumua. Kama bado, iviringishe mezani chini ya viganja huku ukiiegemea kwa uzito wa mwili, kama unavyoviringisha donge la unga wa chapati. Unaposikia mtatariko mdogo, ndiyo raba inaachana na karatasi. Chukua ukanda mwembamba wa plastiki, hata kipande cha kadi ya simu kinatosha, ukipenyeze kati ya slivu na raba na kukizungusha pande zote mbili, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye nafasi hiyo. Vaa glavu, shika slivu kwa mkono mmoja na raba kwa mwingine, uzungushe huku unavuta. Itatoka.

Na kama msasa wenyewe umeshakwisha, usijisumbue kuuokoa. Tafuta kiungo kwenye ncha ya juu, pale mkanda wa msasa ulipoanzia kuzungushwa. Kiinue kwa ncha ya kisu, ukishike kwa plaisi, uanze kuubandua ukizunguka, kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Ukifika chini una mkanda mmoja mrefu mkononi na raba iko salama. Usichome kisu moja kwa moja katikati ya slivu, maana mkwaruzo mmoja kwenye raba utauona kwenye kila mbao utakayopitisha baadaye. Na tafadhali sana, usimimine petroli, dizeli, thina wala oili. Mafuta huivimbisha raba na kuilainisha, na raba ikishakunywa petroli haikazi tena sawasawa.

Ili jambo hili lisirudi, kila jioni kabla ya kufunga karakana legeza nati mizunguko miwili, na asubuhi uikaze upya. Ni kazi ya nusu dakika. Raba zangu za inchi 2 zimenidumu miaka kwa sababu ya nusu dakika hiyo, wala sijui matunzo mengine yanayozidi hayo.

Ile ya inchi 3 inayoteleza ni kinyume chake: kumbatio limelegea. Anza na sababu nyepesi. Vua slivu, pangusa raba kwa kitambaa kikavu, pangusa na ndani ya slivu. Vumbi la mbao likiingia hapo katikati hufanya kazi kama unga juu ya kibao cha kusukumia chapati, na hakuna kitu kinachoshikana. Rudisha, kaza nati, jaribu kuizungusha slivu kwa mkono huku umeshika spindo. Ikigoma kuzunguka, umepona.

Ikiendelea kuteleza, bonyeza raba kwa ukucha wa kidole gumba. Raba nzima hubonyea na kurudi. Raba iliyochoka ni ngumu kama soli ya kiatu cha zamani na inang'aa. Mng'ao huo unaondoka ukiisugua kwa mkono kwa msasa namba 120, pole pole, pande zote kwa usawa, mpaka iwe kama imefifia. Nikisema pole pole nina maana: ukichimba upande mmoja umeharibu uduara wake na mashine itaanza kutetemeka. Ikiwa raba imepasuka au imekakamaa kabisa, huna budi kununua nyingine.

Sababu ya tatu ni vipimo, na hii huwapata wengi wanaoagiza wakiwa mbali. Kuna mashine zilizotengenezwa kwa inchi na nyingine kwa milimita. Inchi 3 ni milimita 76, inchi 2 ni milimita 51, inchi moja na nusu ni 38, robo tatu ni 19. Mwenye duka akikuletea slivu ya 80 kwa raba ya 76, hutaweza kuikaza mpaka siku ya kiama. Pima raba yako kwa kaliba, kile kipimo cha taya mbili, ikiwa imelegea, na usikubali kuambiwa kwamba tofauti ni ndogo. Ninajua mafundi hutia karatasi moja ya kaki katikati ili kuziba nafasi, nami nimewahi kufanya hivyo. Kwa pengo la nusu milimita inafaa. Zaidi ya hapo karatasi hujikunja na slivu hukaa upande. Gundi usitie kamwe, maana siku ya kuitoa utatoa na raba.

Wakati wa kuvisha mpya, mpangilio ni huu: washa ya chini ikae kwenye spindo, ifuate raba ikiwa imevaa slivu, washa ya juu, nati. Kingo za slivu zilingane na kingo za raba juu na chini. Raba ikichomoza nje ya slivu itagusa mbao na kuipaka weusi usiotoka hata kwa randa. Nati kaza mpaka slivu isiweze kuzungushwa kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko tu. Mafundi wenye nguvu hukaza mpaka raba inatuna tumboni kama mtungi, halafu wanashangaa kwa nini pindo la mbao linatoka na bonde katikati. Kama huna hakika nati inafunguka upande gani, tazama thredi ya spindo ikiwa imesimama wima mbele yako: mistari ikipanda kuelekea kulia, ni thredi ya kawaida; ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kinyume na utaifungua kwa kuzungusha upande wa saa.

Kuna pete inayokaa kwenye tundu la meza, kuzunguka spindo. Mashine huja na pete kadhaa za matundu tofauti, na wengi hutumia ile kubwa kwa kila kitu kwa uvivu wa kubadilisha. Usifanye hivyo. Ukiweka slivu ya nusu inchi kwenye tundu la inchi 3, kipande kidogo cha mbao kinaweza kuzama kwenye pengo, na kidole kikakifuata. Chagua pete inayoacha nafasi ndogo tu. Ukimaliza, zungusha spindo kwa mkono mzunguko mzima, ukisikiliza kama inagusa mahali, ndipo urudishe plagi.

Tuje sasa kwenye hili linalokuumiza. Dada, slivu zako haziishi. Zinafia mguuni, na wewe unazizika zikiwa na mwili mzima.

Chukua moja ya zile ulizotupa, kama bado ipo kwenye pipa, uisimamishe dirishani. Chini utaona utepe uliong'aa, rangi imegeuka kahawia au nyeusi, chembe zimelala. Juu ya utepe huo msasa ni mpya kama ulivyotoka dukani. Hesabu yake ni rahisi. Ubao wako wa kitanda ukishapigwa randa una unene wa milimita 20 hivi. Chukulia spindo inapanda na kushuka milimita 16. Mashine nyingi ndogo za mezani ziko karibu na hapo. Ubao umelala juu ya meza, kwa hiyo sehemu ya msasa inayoufikia ni 20 jumlisha 16, yaani milimita 36. Slivu ina urefu wa karibu milimita 115. Umetumia chini ya theluthi moja, theluthi mbili umezitupa.

Dawa ya kwanza ni kuigeuza: mguu uwe kichwa. Hapo umepata milimita 36 nyingine bila kutoa shilingi. Lakini tazama kwanza ndani ya slivu. Ikiwa ina mshale, ni ya kiungo kilichopandana, ncha moja ya msasa imelala juu ya nyingine, nayo inataka kuzunguka upande ule wa mshale tu. Ukiigeuza, mbao itapiga kiungo hicho kwa mbele, itakichimbua, na slivu itafunguka kwa mlio wa kukutisha. Ile isiyo na mshale, ambayo mkanda wake umezungushwa kwa mshazari na kingo zimegusana bila kupandana, geuza bila wasiwasi.

Dawa ya pili inafikia katikati, ambako hata ukiigeuza hufiki. Kata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, vienee juu ya meza ya mashine, uviunganishe kwa gundi na skrubu ziwe kibao kimoja cha milimita 36. Toboa tundu linalozidi slivu kwa milimita 2 au 3 kila upande. Kila kipimo cha slivu kiwe na kibao chake. Mimi nina vitatu vimetundikwa ukutani. Bana kibao juu ya meza kwa klampu mbili, uweke mbao yako juu yake. Sasa ubao unakutana na msasa kuanzia milimita 36 kwenda juu, mahali ambapo hakuna mbao iliyowahi kufika. Hakikisha tu uso wa kibao uko sambamba na meza. Weka gonia, kile kipimo cha pembe mraba, kati ya kibao na slivu, uone kama mwanga unapenya. Kibao kikiwa na mbonyeo, pindo la kitanda litalala upande.

Kwa njia hizo mbili slivu moja inafanya kazi ya tatu. Ukinisikiliza kwa hili moja na kuyaacha mengine yote, barua yako haikwenda bure.

Zile nyembamba zina shida yao ya ziada. Slivu ya inchi 3 ina mzingo wa milimita 239 hivi. Ile ya nusu inchi ina 40 tu. Msasa ulioko kwenye nyembamba ni kama sehemu moja ya sita ya msasa wa pana, na mara nyingi haina hata raba, inavaa chuma moja kwa moja, kwa hiyo joto halina pa kupumzikia. Tena spindo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, msasa wa inchi 3 unapita kwenye mbao karibu mita 478 kwa dakika, na wa nusu inchi mita 80 tu. Unakata pole pole. Fundi anaona haukati, anasukuma zaidi, na hapo ndipo anapouchoma. Kwa hiyo tumia slivu pana kuliko zote inayoweza kuingia kwenye mpindo wako. Mguu wa kiti cha kubembea una mpindo mrefu mno; hakuna sababu ya kuupitisha kwenye kitu chembamba kuliko inchi 3. Nyembamba iwekee kona za ndani, matundu ya kushikia na mapambo ya kichwani mwa kitanda.

Halafu niambie ukweli: ukikata umbo kwa msumeno, unaacha kiasi gani nje ya mstari? Kama unaacha milimita 3 au 4 ukisema msasa utamalizia, hapo ndipo slivu nne za wiki moja zilipokwenda. Msumeno ukate mpaka ibaki milimita moja. Palipobaki donge, lipunguze kwa tupa au patasi kwanza. Na mbao isukume kupingana na mzunguko wa spindo, kwa mwendo usiosimama. Ukisimama mahali pamoja hata kwa kuvuta pumzi, unachimba bonde, unaunguza mbao na unaua msasa kwa mkupuo mmoja.

Usitupe pia slivu iliyoziba ukidhani imekwisha. Ukipiga msasa saiprasi au paini, utomvu unapata moto, unayeyuka, unachanganyika na vumbi na kuganda kati ya chembe. Uso unakuwa laini na rangi ya hudhurungi, lakini chembe ziko hai chini yake. Tafuta kipande cha raba mbichi, ile ya soli za kirepu za rangi ya asali. Mashine ikizunguka, igusishe kidogo kidogo na utaona inang'oa utando ule kwa vipande. Msasa hurudi kuwa mkali mbele ya macho yako. Fanya hivyo mapema na mara kwa mara, kabla utomvu haujaungua. Ukishaungua na kuwa mweusi wa kung'aa, hautoki.

Mvule ni habari nyingine. Mbao yenyewe haina utomvu wa kukusumbua, ila ndani yake kuna vijiwe, chokaa ngumu ambayo mti huiweka kwenye nyufa zake. Hata meno ya msumeno hung'oka hapo. Ukiona doa jeupe au la kijivu lililo gumu kama sementi, lichimbe kwa ncha ya patasi kabla hujafika kwenye mashine, la sivyo litakwangua mstari mzima kwenye slivu yako mpya.

Utajuaje basi kwamba msasa umekufa kweli? Tazama vumbi. Msasa ulio hai hutoa vumbi lenye chembe, ukilisugua kati ya vidole unalihisi. Uliokufa hutoa unga kama wa ngano, mbao inapata moto, harufu ya kuungua inakuja kabla ya moshi. Ukiona mikono yako inaegemea mbao kuliko ulivyokuwa ukiegemea asubuhi, simama. Na kama kiungo kimeanza kuinuka hata kidogo, usisubiri. Itoe siku hiyohiyo.

Namba za msasa nitazipitia haraka: 80 kuondoa alama za msumeno, 120 kulainisha, na kwa kitanda cha mtoto 180 kabla ya vanishi. Usiruke kutoka 80 kwenda 180. Utaimaliza 180 yote ikijaribu kufuta mikwaruzo ya 80, na siku ya kupaka vanishi utaiona bado ipo.

Mvua ya Kakamega wewe unaijua kuliko mimi. Karatasi ya slivu hunywa unyevu, gundi inayoshika chembe hulegea, na slivu inapanuka. Zihifadhi kwenye mkebe wenye mfuniko, zikiwa zimesimama, mbali na sakafu. Zikilala moja juu ya nyingine hubonyea na haziwi duara tena.

Je, unaweza kujitengenezea? Kwa inchi 2 na 3, ndiyo, nami nimefanya hivyo slivu za kuagiza zikichelewa. Kwa zile nyembamba sikushauri. Msasa wa kitambaa haukubali kukunjwa hivyo bila kuvunjika. Nunua msasa wa mgongo wa kitambaa, ule unaouzwa kwa mita kwenye hadiwea, namba 120 kwenda juu. Vika raba karatasi ya nailoni ya mkate ili gundi isishike, na uikaze nati kidogo tu. Zungusha karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji iliyofutwa vizuri, mizunguko miwili, kwa gundi nyeupe ya mbao. Sasa pima mzingo kwa kuzungushia kipande cha gazeti na kukikata kinapogusana. Kata msasa wenye upana wa mzingo huo na urefu wa raba, lakini kingo mbili zinazokutana zikate kwa mshazari, si wima. Kiungo cha wima hugonga mbao kila mzunguko, tak-tak-tak, na kuacha alama. Cha mshazari kinapita kidogo kidogo. Kingo zigusane, zisipandane. Bandika, funika kwa nailoni, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ukizungusha kwa nguvu sawa, uache mpaka kesho yake.

Ujue udhaifu wake: gundi nyeupe hulainika kwa joto. Slivu ya namna hii ni ya kumalizia, kwa mkono mwepesi, wala haifai kuondolea alama za msumeno. Mara ya kwanza iwashe ukiwa umesimama pembeni, iache izunguke dakika nzima bila mbao. Ikistahimili hapo, endelea.

Jambo jingine la wakati wa kubadilisha: ukiinua ile pete ya meza utakuta vumbi limejaa chini yake. Usilipulize kwa mdomo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo ya mifupa yanayoizunguka, na vumbi la mvule peke yake huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu. Liondoe kwa brashi na mashine ya kuvuta vumbi, ukiwa na barakoa inayobana vizuri puani. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii unga mwembamba. Kama watoto huja karakanani kukutazama, wakati huo wakae nje.

Unapoagiza Nairobi, usiandike "slivu za mashine ya msasa" peke yake. Andika kipenyo kwa milimita, urefu kwa milimita, namba ya msasa, na utaje kwamba unataka zenye kiungo cha mshazari zisizo na mshale, ili uweze kuzigeuza. Mwambie muuzaji azisimamishe ndani ya boksi gumu, maana kwenye buti la matatu kutoka Nairobi mpaka Kakamega kila kitu kinakaliwa. Kwa kazi uliyonieleza, ningeagiza nyingi za inchi 3 namba 80 na 120, nusu yake za inchi 2, na chache tu za nusu inchi. Agiza na raba moja ya inchi 3 ya akiba, kwa sababu kwa maelezo yako nahisi hiyo uliyo nayo imeshakakamaa. Lakini ibonyeze kwanza kwa ukucha kabla hujatoa pesa, na hiyo ya inchi 2 ikitoka kesho asubuhi, niandikie uniambie ilitoka kwa kuviringishwa au ulilazimika kuimenya.